Stima ni safi, basi moshi unatoka wapi? Majibu kwa wasomaji kuhusu ahadi ya tabianchi ya Kenya

*Wahariri, hamjambo. Nafundisha Jiografia. Wanafunzi wangu wamenibana: Kenya iliahidi kupunguza gesi zinazoongeza joto duniani kwa asilimia 32 ifikapo mwaka 2030, lakini watu wanaongezeka, magari yanaongezeka, viwanda vinaongezeka. Utapunguzaje kitu kinachoongezeka kila siku? Na je, tutafika?*
— Mwalimu, Nakuru

Mwalimu, wanafunzi wako wamegusa penyewe. Kenya haikuahidi kushuka chini ya pale ilipokuwa. Iliahidi kupanda taratibu kuliko ambavyo ingepanda. Mwaka 2010 nchi ilitoa takriban tani milioni 73 za gesi hizi, methani na nyinginezo zikiwa zimegeuzwa kwa kipimo cha kaboni dayoksaidi ili zijumlishwe pamoja. Wataalamu wakakadiria kwamba tukiendelea vivi hivi, bila mpango wowote, mwaka 2030 tungefika milioni 143. Ahadi ya kwanza ilikuwa kukata asilimia 30 ya hizo. Desemba 2020 ikapandishwa hadi 32.

Waandikie ubaoni: asilimia 32 ya 143 ni karibu 46. Toa 46, unabaki na 97. Hicho ndicho kikomo cha 2030, tani milioni 97. Mwaka 2015 tulikuwa tayari tumefika 93.7.

Sasa waoneshe tatizo la mstari wenyewe, yaani yale makadirio ya kufika milioni 143. Ule wa "vivi hivi" ulichorwa wakati Dira ya 2030 ilitarajia uchumi ukue kwa asilimia 10 kila mwaka. Uchumi umekua kwa takriban nusu ya hapo. Uchumi ukienda polepole, moshi nao huenda polepole, kwa hiyo sehemu ya "upunguzaji" itaonekana kwenye vitabu ingawa hakuna aliyeifanyia kazi. Tena ahadi mpya, iliyowasilishwa 2025, inasema asilimia 35 ifikapo 2035, lakini mstari wake umefika milioni 215. Piga hesabu: kikomo cha 2035 ni karibu milioni 140. Asilimia imepanda kutoka 32 hadi 35, na kiasi tunachoruhusiwa kutoa kimepanda kutoka 97 hadi 140! Hakuna udanganyifu hapo, kwa sababu mstari umechorwa upya kwa takwimu mpya. Ila mwanafunzi ajifunze kuuliza: asilimia 35 ya ngapi?

Kama tutafika? Kwa upande wa umeme tumekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi, kwa hiyo hapo hakuna mengi ya kupunguza. Kilimo, hasa mifugo, kilitoa takriban asilimia 40 ya gesi zote mwaka 2015, na ukataji wa misitu unakifuata kwa karibu. Ahadi itasimama au itaanguka zizini, jikoni na msituni. Tunasikitika kwamba hotuba nyingi bado zinaishia kwenye paneli za jua.

*Mnatuambia asilimia 90 ya umeme wetu unatokana na mvuke, maji, upepo na jua. Mbona jioni stima zinapotea huku kwetu, na mbona bili ina malipo ya mafuta?*
— Msomaji, Kisumu

Kwa sababu umeme haukai ghalani kama mahindi. Unapozalishwa ndipo unapotumika, na siku ya Kenya ina umbo baya.

Tuanze na mvuke. Kule Olkaria, karibu na Naivasha, visima huchimbwa kilomita 2 hadi 3 kwenda chini, mvuke unapanda na kuzungusha tabaini inayozalisha umeme, na maji yanayobaki hurudishwa ardhini ili hifadhi isikauke. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, uliwashwa mwaka 1981. Leo jotoardhi nchini imepita megawati 900 na hutoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme wetu, usiku na mchana, mvua inyeshe isinyeshe. Uzuri huo wa kutozimika ndio unaogeuka mzigo. Kufunga na kufungua kisima kila usiku hukifanya kipoe na kupata joto tena na tena, na mabadiliko hayo hupasua saruji na bomba la chuma lililomo ndani. Kwa hiyo watu wanapolala na matumizi yakashuka hadi karibu nusu ya yale ya jioni, baadhi ya mvuke huachiliwa hewani bila kuzungusha chochote.

Kisha rudi nyuma saa chache. Kati ya saa moja na saa nne usiku kila nyumba imewasha taa, televisheni na pasi. Jua limezama, kwa hiyo Garissa na mashamba mengine ya jua hayatoi kitu. Upepo wa Turkana unaweza kuwapo au usiwepo. Kilele hicho kimekwisha kuvuka megawati 2,300. Hapo ndipo mitambo inayochoma mafuta mazito, kama ule wa Rabai wenye megawati 90 na ule wa Thika wenye 87, inapoitwa kazini. Gharama yake ndiyo ile unayoiona kwenye bili.

Kwenu Kisumu kuna jambo la ziada. Umeme mwingi unazalishwa Olkaria, kwenye mabwawa ya Tana na kule Loiyangalani penye upepo wa Turkana, na kuufikisha Magharibi kunategemea laini chache pamoja na kiasi kinachonunuliwa Uganda. Laini ikibeba kupita uwezo wake, volti hushuka mwishoni, na waendeshaji hulazimika kukata baadhi ya maeneo kabla mfumo mzima haujaanguka. Yaani umeme unaweza kuwapo Naivasha na usikufikie.

Mfano wa kero hiyo ni shamba la upepo la Ziwa Turkana: tabaini 365 za kilowati 850 kila moja, jumla megawati 310. Zilikuwa zimesimama tayari mwaka 2017, lakini laini ya kwenda Suswa, yenye takriban kilomita 430, ikakamilika 2018. Katika kusubiri huko mlipaji akawa ni Mkenya, kwa umeme ambao haukumfikia. Ndiyo maana sisi tungeweka laini na betri mbele ya mitambo mipya, pamoja na bei nafuu ya usiku inayowavuta wenye viwanda watumie ule mvuke unaopotea.

Jambo moja kubwa lilifanywa vizuri. Juni 2019 jopo la kitaifa linalosikiliza kesi za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Lamu. Ukizidisha megawati hizo kwa saa 8,760 za mwaka na kwa asilimia 70 ya muda wa kazi, unapata uniti bilioni 6.4. Kila uniti ya makaa ya mawe hutoa karibu kilo moja ya kaboni dayoksaidi. Hizo ni takriban tani milioni 6 kwa mwaka kutoka mtambo mmoja, dhidi ya zile milioni 46 ambazo nchi nzima inajitahidi kuzikata.

*Nina ng'ombe watatu wa gredi, nakamua jumla ya lita 15 kwa siku. Kijana wangu amerudi kutoka chuo akasema ng'ombe wanaharibu hali ya hewa kuliko magari. Je, niwauze?*
— Mama mfugaji, Embu

Mama, shikamoo. Kijana wako hajakosea, lakini hajamaliza hesabu.

Ng'ombe akicheua, vijidudu vilivyo tumboni hutengeneza methani, naye huitoa kwa mdomo. Vipimo vya jumla vinavyotumika kwa Afrika vinampa ng'ombe wa maziwa kilo 46 za methani kwa mwaka, ng'ombe mwingine kilo 31, mbuzi au kondoo kilo 5. Kilo moja ya methani huhesabiwa sawa na kilo 28 za kaboni dayoksaidi. Ng'ombe wako watatu basi wanatoa kilo 138 za methani, yaani karibu tani 3.9. Wakikamuliwa siku 300 mnapata lita 4,500. Kila lita imebeba gramu 860 hivi.

Tuseme unabaki na wawili unaowalisha vizuri hadi kila mmoja atoe lita 12. Wanakula zaidi, kwa hiyo methani nayo inaongezeka. Tuichukulie kilo 70 kwa kila mmoja. Jumla ni kilo 140, karibu sawasawa na mwanzo. Lakini maziwa yamekuwa lita 7,200, na kila lita sasa imebeba gramu 540 tu. Hewa haikupata nafuu yoyote kutoka boma lako leo. Nafuu iko kwa nchi: ili kupata lita zile 24 kwa siku kwa ulishaji wa zamani wangehitajika karibu ng'ombe watano. Hapa ndipo miradi mingi ya maziwa hupotea njia. Mfugaji anafundishwa kulisha, mapato yanapanda, naye ananunua ng'ombe wa tatu, wa nne, wa tano, na gesi inapanda kuliko mwanzo. Idadi isipopungua, mradi ni wa maziwa, wala usiitwe wa tabianchi.

Chakula chenyewe si lazima kitoke dukani. Kwenu Embu kaliandra, kichaka cha malisho, inamea vizuri. Kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zina protini inayokaribia ile ya kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Kilo 6 kwa siku kwa ng'ombe mmoja zinahitaji vichaka 500 hivi. Ukivipanda nusu mita kimoja kutoka kingine kwenye kingo za matuta na ua, ni mita 250. Anza kukata baada ya miezi 9 hadi 12, ukiacha kisiki cha mita moja, na umpe ng'ombe majani yakiwa mabichi, maana yakikauka hayasagiki vizuri tumboni. Yasizidi theluthi ya chakula chote. Nyasi ya nepia ikatwe ikiwa imekufika kiunoni. Wengi huiacha ipite kichwa wakidhani wanapata mzigo mkubwa, kumbe wanapata mashina makavu yanayozidisha methani na kupunguza maziwa. Maji yawepo muda wote. Lita moja ya maziwa inataka lita 4 hadi 5 za maji juu ya yale ya kawaida.

Halafu kuna samadi. Ng'ombe wawili wanaofugwa zizini wanatosha mtambo wa bayogesi wa mita 6 za ujazo: kila siku ndoo mbili za lita 20 za kinyesi kibichi na ndoo mbili za maji, zikorogwe hadi zisiwe na madonge. Kinyesi hicho kinakaa ndani siku 50 hivi. Utapata mita 1.4 hadi 1.6 za ujazo za gesi, na jiko moja linatumia takriban mita 0.4 kwa saa, kwa hiyo una kama saa tatu na nusu hadi nne za kupika.

Mitambo mingi hufa kwa sababu zilezile. Mchanga na udongo wa zizini huingia na kujaza chini. Kiangazi maji hupungua, mchanganyiko unakuwa mzito, gesi inakata. Maji ya mvuke hukusanyika kwenye bomba lililolegea katikati, moto unaanza kurukaruka. Weka mtego wa maji mahali bomba lilipo chini kabisa na uumwage kila wiki. Baya zaidi ni ufa kwenye kuba au valvu inayovuja. Hiyo ni methani tupu inayokwenda hewani, na mtambo unaovuja unaweza kuwa mbaya kuliko kutokuwa nao. Pitisha povu la sabuni kwenye kila kiungo mara moja kwa mwezi; palipo na mapovu yanayovimba, pana uvujaji.

*Gesi ya mtungi inatokana na mafuta ya ardhini. Makaa yanatokana na miti, na miti inamea tena. Kwa nini tunasukumwa tuhamie gesi?*
— Msomaji, Kayole, Nairobi

Swali zuri, na kama kila mti uliochomwa makaa ungemea tena, ungekuwa na haki kabisa. Tufuate chakula chako hadi msituni.

Mtungi wa kilo 13 una nishati ya karibu megajuli 600, na jiko la gesi hufikisha kwenye sufuria zaidi ya nusu yake, kama 330. Kilo moja ya makaa ina megajuli 30, lakini jiko la kawaida hufikisha robo tu, yaani 7.5. Kwa hiyo mtungi mmoja unachukua nafasi ya kilo 44 za makaa. Ni gunia zima hilo. Sasa gunia limetoka wapi? Tanuri la kufukia kwa udongo linakula kilo 7 hadi 10 za kuni kavu kutoa kilo moja ya makaa, kwa sababu hewa ikiingia palipo na ufa kuni zinaungua majivu. Tuchukue 8. Gunia lako lilikuwa kilo 350 za mti.

Mtungi ukiisha umetoa kilo 39 za kaboni dayoksaidi. Ule mti wa kilo 350 ulikuwa umebeba kaboni inayotosha kutoa kilo 600. Hata tukikubali kwamba theluthi mbili itamea tena, zinabaki kilo 200 zisizorudi, mara tano ya mtungi, na hatujagusa methani inayotoka kwenye tanuri wala mapafu ya anayepika.

Kama makaa huwezi kuyaacha, jiko lenye kigae cha udongo linaokoa theluthi moja hadi nusu ya makaa ukilinganisha na lile la bati tupu. Kigae kikipasuka faida inapotea. Badilisha kigae, jiko lenyewe bado ni zima. Mchomaji naye, kwa kupanga kuni zilizokauka wiki kadhaa, magogo manene katikati na bomba la moshi upande mmoja, anaweza kupata makaa karibu mara mbili kutoka rundo lilelile.

Presha kuka ya umeme ndiyo tunayoipenda zaidi kwa Kenya, kwa sababu umeme wetu ni safi. Nusu kilo ya maharagwe hula kama nusu uniti. Kwa bei ya shilingi 25 hadi 30 ni shilingi 15 hivi. Vikwazo viwili mviangalie. Kwanza, bei ya stima inapanda kwa madaraja, ukivuka uniti 30 na tena ukivuka 100 kwa mwezi, na nyumba nyingi za kupanga zinatumia mita moja, hivyo wapangaji wote wanasukumana hadi daraja la juu. Pili, waya. Koili ya kilowati 2 kwenye waya mwembamba uliowekwa kwa ajili ya taa itauyeyusha. Soketi ya kupikia ipewe waya wa milimita 2.5 za mraba.

Na kodi ina nguvu kuliko mafunzo. Julai 2021 gesi ya kupikia iliwekewa ushuru wa asilimia 16, ukapunguzwa hadi 8 mwaka uliofuata, ukaondolewa 2023. Matumizi ya nchi yalishuka kutoka takriban tani 374,000 mwaka 2021 hadi takriban 334,000 mwaka 2022, wakati bei za dunia nazo zilipokuwa juu. Watu hawakuacha kula. Walirudi kwenye makaa.

*Mimi ni wa bodaboda, naweka petroli lita 4 kwa siku. Pikipiki ya umeme itasaidia nini?*
— Msomaji, Likoni

Lita 4 kwa siku 300 ni lita 1,200, na kila lita hutoa kilo 2.3 za kaboni dayoksaidi: jumla tani 2.8 kwa mwaka, zaidi ya zile tani mbili hivi zinazomwangukia kila Mkenya ukigawanya gesi zote za nchi. Pikipiki ya umeme kwa kazi hiyohiyo itakula kama uniti 5 kwa siku, 1,500 kwa mwaka. Hata kwa gramu 100 kwa kila uniti, ni kilo 150.

Lakini saa ya kuchaji ndiyo kila kitu. Ukichomeka saa mbili usiku umeongeza mzigo kwenye kilele, na anayekujazia betri anaweza kuwa ni mtambo wa mafuta pale Rabai. Ukichomeka baada ya saa nne usiku unatumia mvuke ambao ungepotea. Ndiyo sababu mwaka 2023 vyombo vya umeme viliwekewa bei yake: shilingi 16 kwa uniti, na 8 usiku wa manane, kabla ya tozo na kodi. Kabla hujasaini, soma betri ni ya nani, ukikwama nje ya mji vituo vya kubadilisha viko wapi, na nani analipa betri ikichoka. Kwa chumvi ya Pwani, viunganishi vipakwe grisi na vikaguliwe mara kwa mara.

*Kwa nini tusubiri pesa za Wazungu? Jua ni letu, ardhi ni yetu.*
— Msomaji, Eldoret

Jua ni la bure, mkopo sio. Chukua shamba la jua la megawati 1 lililogharimu dola milioni 1, linalotoa uniti milioni 1.75 kwa mwaka, mkopo wa miaka 20. Kwa riba ya asilimia 4 unalipa dola 73,600 kila mwaka, senti 4.2 za dola kwa uniti. Kwa asilimia 12 unalipa 133,900, yaani senti 7.7. Paneli zilezile, mafundi walewale, jua lilelile. Februari 2024 Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 katika soko la dunia kwa zaidi ya asilimia 10. Ndiyo maana ahadi ya 2020 ilisema wazi kwamba nchi itabeba asilimia 21 ya gharama za kupunguza gesi, na nyingine zitegemee msaada. Nchi tajiri ziliahidi mwaka 2009 kufikisha dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Zilifikisha mwaka 2022. Tunalisema kwa uchungu, kwa sababu ucheleweshaji huo umelipwa na anayenunua tokeni za shilingi hamsini.

*Na sisi Tanzania?*
— Msomaji, Arusha

Ahadi yenu ni asilimia 30 hadi 35 chini ya mstari wa "vivi hivi" ifikapo 2030. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115, limewapa umeme mwingi kwa mpigo. Sasa laini ya kilovolti 400 inayopita Namanga inaunganisha nchi zetu, na inafaa kutumika kuuziana: maji yenu jioni, mvuke wetu usiku. Jikoni shida ni ileile. Mkakati wenu wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034, na kipimo chake kitakuwa magunia ya makaa yanayoingia Dar es Salaam.

*Kikundi chetu kilipanda miche 2,000 ya mikoko, karibu yote ikafa. Sasa kuna kampuni inataka tusaini mkataba wa kaboni. Tufanyeje?*
— Katibu wa kikundi, Kwale

Kuhusu miche: mara nyingi hufa kwa sababu imepandwa palipo wazi na rahisi kufikika, kwenye tope la chini ambalo hufunikwa na maji karibu siku nzima. Kila aina ina mahali pake. Mlilana unakaa mbele kuelekea bahari, mkoko unafuata, mkandaa uko nyuma palipo pakavu zaidi, na mchu hustahimili mbele na nyuma. Angalieni aina gani imesimama kwenye ufuo jirani kwa kiwango kilekile cha maji, mpande hiyo. Mbegu za mkoko zichumwe zikiwa na pete ya manjano shingoni, zisukumwe kwenye tope theluthi ya urefu wake au pungufu, mita moja hadi moja na nusu kati yake. Kama mikoko ilikufa hapo kwa sababu barabara au tuta limezuia maji kuingia na kutoka, fungueni kwanza njia ya maji. Mbegu zitakuja zenyewe.

Jambo hili linagusa nchi nzima, kwa kuwa lengo ni miti bilioni 15 ifikapo 2032 na asilimia 30 ya nchi iwe chini ya miti, kutoka 12.13 iliyopimwa 2021. Hiyo ni kama miti 30 kwa kila Mkenya kila mwaka kwa miaka kumi. Tungependa ihesabiwe miti iliyo hai baada ya misimu mitatu ya mvua, badala ya miche iliyotoka kwenye kitalu.

Kuhusu mkataba: majirani zenu wa Gazi wamekuwa wakiuza kaboni, yaani kulipwa kwa kila tani ambayo mikoko yao inaizuia isiende hewani, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013, hekta 117, takriban tani 3,000 kwa mwaka, na fedha zimekwenda kwenye maji na shule. Kwa hiyo inawezekana, ila kwa kiasi hicho. Mtu akiwaahidi makumi ya maelfu ya tani kwa eneo kama hilo, mwambieni awaoneshe vipimo vya miti na vya tope. Tahadhari hii ina sababu: utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliochapishwa 2024, uligundua kwamba miradi ya kaboni ya majiko iliyochunguzwa ilikuwa imejihesabia upunguzaji takriban mara tisa ya uliokuwapo.

Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilivyorekebishwa 2023 inataka jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka kwa mradi wa ardhi, na asilimia 25 kwa miradi mingine. Kabla ya kusaini, ulizeni mapato hayo yanahesabiwa kabla au baada ya gharama za kampuni, na iandikwe. Ulizeni miaka mingapi, na mnaweza kutoka vipi. Ulizeni pia nani anainunua tani: ikiwa ni serikali ya nchi nyingine inayotaka kuihesabu kwenye ahadi yake, basi Kenya lazima iitoe kwenye hesabu yake, kwa sababu tani moja haiwezi kuhesabiwa na wawili. Mpelekeeni wakili asome ukurasa wa malipo na ule wa kuvunja mkataba, na kikao cha kijiji kiwe na muhtasari ulioandikwa kabla mwenyekiti hajashika kalamu.